Mzee Asiyejua Kukaa Kitini
Wapo wanaoamini kuwa mwimbaji wa miaka 73 heshima yake ni wimbo mmoja, cheti, kisha kusindikizwa kitini. Leonard Cohen, Mkanada yule mwenye sauti ya kisima kirefu, hakuambiwa. Julai 17, 2008, jijini London, aliimba mpaka akajaza diski mbili. Mwaka uliofuata zikatoka kwa jina Live in London. Kilichomrudisha jukwaani baada ya kimya cha miaka mingi si mapenzi ya sanaa tu: akiba yake ya uzeeni ilikuwa imeyeyukia mikononi mwa meneja. Mahakama ilimpa ushindi mwaka 2006; kuzipata hizo fedha ikawa hadithi nyingine. (Na bado mnasema wezi hawana mchango katika utamaduni.)

Kilichokera hasa usiku ule ni adabu yake. Mpiga ala wake, Javier Mas, alipoicharaza bandurria, ala ya nyuzi ya Kihispania, bwana mkubwa alivua kofia na kusimama pembeni, akisikiliza. Wapiga vyombo aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, kana kwamba nao walikuwa wamekuja kazini. Nyota wa pleibeki wasionyeshwe mambo haya. Wataanza kuuliza mpiga gitaa ni mtu gani.