Slesi, Pasi na Kanzu ya Mzee

Mkate wa juzi una njia mbili tu: kupewa kuku wa jirani au kuchomwa. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wa njia ya pili, mpaka siku umeme ulipokatika, ukarudi kwa kishindo na kuondoka na tosta yetu ya zawadi ya harusi. Fundi wa mtaani aliifungua, akakung'uta makombo ya kuwatosha hao kuku wa jirani, akaguna, akasema, "Bosi, hii nunua nyingine." Skrubu hakuzirudisha. Niliposikia bei ya hiyo nyingine, nikatangaza sebuleni kwamba wazee wetu walichoma mkate kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijasimikwa. Kumbe nimeitisha mkutano.

Wa kwanza kusimama alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa kwetu likizo. "Shem, sisi bwenini tunatumia pasi." Akaeleza kama mhadhiri: unafunga slesi kwenye foili, unakandamiza upande mmoja, unageuza, unakula. Kwa sayansi kijana hakuwa mjinga. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watoto kitandani hutokea protini na sukari za mkate zinapokutana kwenye joto kali, jambo alilolieleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Mambo hunoga joto likipita nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Tatizo ni kwamba slesi ina maji, na maji yakishafika 100 hayapandi tena, yanageuka mvuke na kwenda zake. Ndiyo maana mchomaji yeyote, awe na tosta au hana, kazi yake ya kwanza ni kukausha. Rangi huja baadaye. Pasi ikiwekwa kwenye alama ya pamba hukaribia 200. Joto lipo, tena la kutosha.

Kilichopungua ni subira. Shemeji alipaka Blue Band kabla ya kuchoma, na foili ilipomwishia akachana karatasi ya daftari. Karatasi ikalowa, mafuta yakapanda kupitia vile vitundu vya mvuke vilivyo kwenye uso wa pasi, yakatulia humo yakingoja siku yao. Siku yao ilikuwa Ijumaa. Baba mkwe, ambaye naye alikuwa kwetu, alipelekewa kanzu iliyonyooshwa vizuri, ina mistari miwili ya madoa kifuani. Aliivaa hivyo hivyo kwa sababu adhana ilikuwa imeshatoka. Aliporudi alisema kwa upole, "Wanangu, kanzu nimeipenda. Ila mtoto aliyekaa karibu yangu msikitini ameniuliza, 'Babu, umeuficha wapi mkate?'"

Jiko la mchina nitalipitia haraka, maana hata slesi yenyewe haikukaa juu yake muda mrefu. Mkate hunywa harufu upesi, na mafuta ya taa hayana adabu. Tuliipeleka kwa kuku. Kuku wakaitazama, wakatutazama na sisi.

Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa amenyamaza muda wote akichambua mchele, alipoinuka. "Baba, nyie mnahangaika bure. Washeni mkaa." Na kwa kweli mkaa ndio ukoo wa tosta. Zile nyaya zinazowaka nyekundu ndani ya tosta ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906, na kazi yake si kuugusa mkate bali kuumulika kwa joto kutoka kando. Mkaa uliokwisha moshi na kuvaa majivu meupe hufanya vivyo hivyo, tena bila bili. Mama mkwe alingoja hadi moto utulie, akaweka wavu, akapanga slesi, akawa anazigeuza kwa vidole kama mtu asiyejua kuungua. Zikatoka na michirizi ya kupendeza, nje zikilia, ndani laini.

Bahati mbaya wavu ulikuwa wa kuchomea vibua. Ulikuwa umesuguliwa kwa steliwaya na jivu, lakini kibua hasahau. Mwanangu alikula ya kwanza, akaomba ya pili, akaomba na ndimu. Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi: jiko moja. Slesi zikiwa juu, birika liko chini. Birika likipanda, slesi zinapoa. Asubuhi ile tulikula kwa zamu.

Nikasema tutumie oveni ya jiko la gesi. Nyumba nyingi ninazozijua, oveni ni kabati. Yetu ilikuwa na masufuria, chujio la nazi, na beseni la plastiki la kuoshea mchele. Mke wangu alitoa masufuria na chujio. Beseni lilikuwa nyuma kabisa. Kuhusu oveni sina la kuongeza, isipokuwa kwamba beseni la plastiki likilainika huchukua umbo la wavu wa oveni kwa uaminifu mkubwa.

Kikaango cha chapati ndicho kilichotukomboa. Kiwe kizito, kiwe kikavu, moto mdogo, na siagi ingoje mezani. Asiyekuwepo kabisa ni mfuniko, kwa sababu mfuniko huurudisha mvuke ulioufukuza. Slesi iwe na unene uleule pande zote, na hapa nilipata taabu, maana sisi hununua bofulo nzima na mkataji ni mimi: ncha moja nyembamba inaungua, nyingine nene bado inafikiri. Nilijifariji niliposoma kwamba hata Wamarekani walianza kinyume. Charles Strite alipata hataza ya tosta inayorusha mkate juu yenyewe mwaka 1921, na mkate uliokatwa kwa mashine ulianza kuuzwa kule Chillicothe, Missouri, mwaka 1928. Miaka saba yote hiyo kuna mtu jikoni alikuwa akikata pinda kama mimi.

Basi siku alipokuja mgeni wa heshima, mwenzake baba mkwe tangu ujana wao, nilisimama mbele ya kikaango tangu alfajiri. Kila slesi ilitoka kavu, ya kahawia, ukiigonga inaitika. Mke wangu, kwa malezi mema aliyopewa, akawa anazipokea moja moja na kuzipanga ndani ya hotpoti zisije zikapoa. Akafunga.

Mgeni alifungua hotpoti, mvuke ukamlaki usoni. Akatoa slesi, ikajikunja mkononi. Akaibonyeza kwa kidole, akatabasamu kwa furaha ya kweli, akamgeukia mama mkwe: "Shemeji, mkate mlaini namna hii mnanunua wapi?"