Turubai Limetangulia

Kompyuta ya ofisi yetu inakaa chini ya meza yangu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake ndipo ninapoweka chupa ya chai. Ndani yake mna Access, programu ya kuhifadhi kumbukumbu, na ndani ya Access walikuwamo wateja wetu wote: nani kakodi turubai, nani kakodi sufuria, nani kachukua viti 200 akarudisha 197 huku akiapa kwamba tulimhesabia vibaya.

Bosi wetu, mama ambaye hawezi kumkatalia kijana yeyote mwenye miwani na mkoba wa kompyuta mgongoni, akatangaza kwamba tunahamia mtandaoni. Nikauliza, pale chini ya meza tumekosewa nini? Kijana akanifahamisha kwamba faili la Access likifika gigabaiti 2 ndio basi. La kwetu, miaka 15 ya harusi na misiba, lilikuwa na megabaiti 38. "Mzee wangu," akasema, "hii ni programu ya mwaka 1992." Na mimi ni wa 1968, mbona bado nakuja kazini?

Haya, tukahama. Kijana akamwaga kila kitu kwenye faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Mkato! Katika mji ambao mtu akikuelekeza kwake anasema: Buza, ukishuka kituoni, nyuma ya msikiti, kuna mwembe. Seva, yaani kompyuta ya huko mtandaoni, kila ikiona mkato inajua safu imekwisha, inaruka inayofuata. Mteja wetu wa siku nyingi akawa anaishi Buza, simu yake ni ukishuka kituoni, na kwenye deni pameandikwa nyuma ya msikiti. Huo mwembe sijui uliishia wapi.

Tulipomaliza mikato wakagoma akina Ng'. Amri za seva hufungua na kufunga jina kwa kialama kilekile cha ritifaa, kwa hiyo ikikutana na Ng'wandu inasoma Ng, inafunga mlango, halafu inapiga kelele kwamba kuna "wandu" nje hawajulikani. Dawa yake ipo, nimeambiwa baadaye. Ya kijana ilikuwa kufuta ritifaa zote. Bwana Mwang'ombe alipopewa risiti ya Mwangombe aliigeuza mara mbili, akanirudishia, akasema akija mwenyewe nimpe.

Lakini hayo yote ni karaha tu. Kilichonimaliza ni tarehe.

Seva haikai Buza. Iko huko iliko, na saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Access yangu ukiiandikia Jumamosi, ni Jumamosi, haina ubishi. Mfumo mpya ukaona Jumamosi inaanza saa 6 usiku, ukaondoa saa 3, ukapata Ijumaa saa 3 usiku, kisha kwenye karatasi ya dereva ukachapa siku bila saa: Ijumaa. Vijana wetu wakapakia kirikuu asubuhi na mapema, wakafika kwa mzee mmoja ambaye sherehe ya binti yake ilikuwa kesho yake. Hawakumkuta, alikuwa sokoni. Wakafunga turubai, wakapanga viti, wakaondoka.

Sasa wewe mkazi wa Dar es Salaam niambie: turubai likisimama ghafla Ijumaa asubuhi, viti vimepangwa, mwenye nyumba haonekani, utafikiri nini? Mzee alirudi na kikapu cha vitunguu akakuta akina mama wamekaa mkekani, kanga begani, na daftari la rambirambi limeshafika shilingi 43,000. Jirani yake wa miaka 20 alipomwona alikaa chini.

Simu aliyonipigia sitaieleza hapa. Kijana alipoambiwa alisema ni jambo dogo, la mstari mmoja.

Limebaki la safu ya Maoni. Kijana ananishauri niifute, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mteja haki ya kuomba aone kilichoandikwa juu yake. Nikaisoma upya safu hiyo kwa jicho la mteja. "Asikopeshwe hata kijiko." "Huyu mpigie mkewe." "Viti vyetu anavyo, nimevikalia mwenyewe kwenye ubarikio wa mwanawe." Nimefuta yote, mtandaoni.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwako kuna viti vitatu vyeupe vyenye doa la rangi nyekundu chini ya kikalio, vilete taratibu, hatutaulizana. Kompyuta ya chini ya meza bado inawaka.