Mzee Akae Wapi?

Msonyo ule ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake, vijana wa bodaboda wakageuza shingo, na fundi cherehani aliyekuwa kwenye drafti akabaki na kete hewani. Aliyesonya ni mzee wetu mmoja, miaka sabini na ushei, kanzu nyeupe, kofia ya viua, bakora mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye daladala. Hapa kijiweni kwetu Gerezani, Kariakoo, tunamwona kila Ijumaa.

"Nimesimama kutoka Chanika mpaka hapa," alisema akijishusha polepole kwenye benchi.

"Pole, mzee wangu. Hakuna hata mmoja aliyekupisha?"

"Hakuna. Na msidhani hawakuniona. Watatu walinipa shikamoo. Shikamoo safi kabisa, nami nikawaitikia marahaba. Wakabaki wamekaa."

Msyuuu! Safari hii tulisonya sote.

Kwa tuliolelewa kwenye nyumba za Waswahili, kusonya si jambo dogo. Mtoto akisonya mbele ya mkubwa alikuwa ametukana tusi zima, na kofi lilimfikia kabla msonyo haujaisha. Mtu mzima naye alijizuia, kwa sababu mdomo wake ulitazamwa na watoto. Basi mzee wa umri ule akisonya hadharani, tena siku ya Ijumaa akielekea msikitini, jua jambo limemfika kooni.

Nimelibeba lile neno lake wiki nzima: watatu walinipa shikamoo, wakabaki wamekaa. Kila siku tunaambiwa kwamba adabu imekwisha kwa kuwa vijana hawaamkii. Mimi nasema hapana. Shikamoo bado ipo, tena nyingi. Nenda sokoni, nenda ofisini, washa redio, utaisikia. Kilichoondoka ni kile kitendo ambacho neno lilikuwa linakibeba. Wazee wa pwani hutueleza kwamba shikamoo ni "nashika miguu yako." Anayeshika miguu ya mtu ameinama. Ameondoka pale alipokuwa, amemwachia mkubwa nafasi ya juu. Leo tunalitoa neno huku mwili umetulia palepale, jicho kwenye simu.

Siku ile fundi cherehani, ambaye hapendi kukubali jambo upesi, aliweka kete yake chini. "Kaka, na hao vijana nao wamechoka. Wanaamka saa kumi alfajiri wagombee hilo gari. Nauli ni moja. Kwa nini anyanyuke?"

Sikumpuuza. Ni kweli vijana wa Chanika, Kivule na Kitunda wanaupoteza ujana wao barabarani. Lakini nauli inanunua safari, hainunui ruhusa ya kumtazama mtu wa umri wa babu yako akitetemeka magoti kila gari linapofunga breki. Mwili wa miaka ishirini ukichoka, usingizi wa usiku mmoja unaurudisha. Mwili wa miaka sabini na tano ukianguka kwenye daladala na nyonga ikavunjika, huenda ndiyo safari ya mwisho aliyotembea kwa miguu yake.

Basi ngoja niwaambie kwa nini mzee huyu anatoka Chanika, maana habari ya kiti haikuanzia kwenye daladala.

Mzee huyu ni wa hapahapa. Amezaliwa mitaa miwili kutoka kwenye benchi hili, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi mrefu katikati, uani nyuma, na mbele baraza. Baraza! Ukitaka kujua heshima ya wazee ilikuwa inakaa wapi, ilikuwa inakaa pale. Baba mwenye nyumba alikaa barazani kuanzia alasiri, na mtaa mzima ukapita mbele yake. Ndiye aliyejua mtoto wa nani katoroka shule, ndiye aliyepatanisha wapangaji waliogombea zamu ya kufagia uani, ndiye aliyeshika ufunguo wa jirani aliyesafiri. Alikutuma dukani hata kama hukuwa wa tumbo la mkewe, nawe ulikwenda mbio. Ukikosea alikuadhibu, na mama yako akipata habari alikuja kumshukuru mzee kwanza, kisha akakugeukia wewe.

Kwa hiyo heshima ile haikuwa hisia tu moyoni mwa watoto wema. Ilikuwa na mahali. Ilijengwa kwa udongo, miti na saruji, ikawekwa mbele ya nyumba, kila mtu akaiona. Mzee alikuwa na kazi, kazi ilikuwa na kiti, na kiti kilikuwa mbele ya macho ya watu.

Nyumba ile imeuzwa. Warithi walikuwa wengi, kiwanja cha Kariakoo kina bei inayowatoa watu machozi, na leo limesimama ghorofa, chini maduka, juu bohari. Sisemi kuuza ni dhambi. Mali ya urithi ikigawiwa kwa haki ni halali ya kila mmoja. Lakini hesabu ilipopigwa, kila kitu kilihesabiwa isipokuwa swali moja: mzee akae wapi? Akapelekwa Chanika kwa mtoto wake wa tatu, chumba cha nyuma, geti la chuma limefungwa mchana kutwa, kila mtu kazini. Hakuna anayepita mbele yake. Hakuna wa kumtuma. Hakuna wa kumuuliza. Anakula vizuri, na hilo tunamshukuru mwanawe. Lakini mara moja kwa wiki anapanda gari zaidi ya saa nzima ili asali Ijumaa kwenye msikiti wake wa ujanani, na akae kwenye benchi la muuza kahawa, kwa sababu ndilo baraza pekee lililobaki.

Tena huyu ni afadhali. Wapo wanaowekewa karatasi mbele yao watie dole gumba wakiwa hai, wakiwa na akili zao, eti "baba, tunakurahisishia." Msyuuu! Mnagawana mirathi ya mtu anayewasikiliza?

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa kimya muda wote. Akaomba kusema, na nilipenda alivyoomba.

"Shikamoo wazee. Mimi nina neno. Sisi mnatuambia tuheshimu, lakini mzee akikosea haambiwi. Kuna mzee kwetu kauza shamba la ukoo, kanywea hela, na kwenye kikao tukaambiwa vijana mnyamaze. Hapo nimheshimu vipi?"

Swali zuri, na halistahili kofi. Marahaba nayo ni deni. Anayeipokea shikamoo amekubali kuwa mtu wa kutegemewa. Akiipokea kisha akaila mali ya wajukuu, amechukua asichokilipia. Penye wazee hapaharibiki neno, tunasema, nami naamini. Lakini msemo huo unamdai mzee kuliko unavyomdai kijana, kwa sababu yeye ndiye aliyewekwa kulinda neno lisiharibike.

Na wahenga walijua kuwa mzee hukosea. Ndiyo maana waliuweka utani kati ya babu na mjukuu. Baba yako humwambii chochote, unainama. Lakini babu? Mjukuu wa kiume anamwita bibi yake "mke wangu," anamwambia babu atamnyang'anya mke, anamcheka meno. Ndani ya utani huo mlikuwa na mlango. Mjukuu aliweza kumwambia babu, "Wewe mzee, jana ulimwonea mama," na babu akacheka, akasikia, akajirekebisha bila kuvunjiwa heshima. Sasa mjukuu anamwona babu siku ya Iddi au Krismasi, dakika ishirini, halafu picha, halafu gari linaondoka. Utani haujengwi kwa dakika ishirini. Mlango umezibwa, na pande zote mbili zimebaki na kelele: vijana wanasema wazee ni wabishi, wazee wanasema vijana wameharibika.

Sisi wa umri wa kati tumechangia pia. Mpe shikamoo mwanamke wa miaka arobaini na tano hapa mjini, uone. "Shikamoo ya nini? Usinizeeshe!" Wanaume nao wanapaka rangi mvi na kujiita vijana wakiwa na wajukuu. Tukiuogopa uzee kama ugonjwa wa kuambukiza, watoto wetu watajifunza kutoka kwa nani kwamba uzee ni cheo? Neno "mzee" lenyewe limeisha chumvi, mvulana wa miaka kumi na tisa anamwita mwenzake "niaje mzee," na baba yake nyumbani ni "dingi."

Wengi mnakumbuka Machi 2009, pale ukumbi wa Diamond Jubilee, kwenye Baraza la Maulid, kijana alipomzaba kibao Mzee Ali Hassan Mwinyi. Rais mstaafu, mtu wa miaka themanini na tatu, akihutubia. Nchi nzima ilishika mdomo. Kijana alifungwa, na watu walizungumza miezi. Ilikuwa haki kushtuka. Lakini kibao kile kilikuwa kimoja, mbele ya kamera. Niwaambie vibao visivyo na kamera.

Kule Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, bibi amepika miaka hamsini kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umemla macho, yamekuwa mekundu. Mapishi hayo ndiyo yaliyowakuza watoto. Kisha mtoto wa jirani anafariki, au ng'ombe wanakufa, au kuna mtu analitamani shamba la huyo mjane. Mpiga ramli anaulizwa, na jibu linakuwa macho mekundu. Usiku wanakuja na mapanga. Vikongwe wengi wameuawa hivyo katika nchi inayojisifu kwa shikamoo. Na wauaji si wageni; mara nyingi ni watu waliompita njiani asubuhi wakamwamkia. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Marufuku ni jambo jema, lakini anayekwenda kwa mganga usiku hakuagizwa na mganga. Amekwenda mwenyewe, ana jina la bibi mfukoni tayari.

Hapa kijiweni pakawa kimya. Muuza kahawa akajaza vikombe bila kuulizwa.

Wapo wanaosema suala hili ni la sheria. Sheria tunazo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mtoto kwa wajibu wake, si haki zake peke yake: awaheshimu wazazi, walezi na wazee, na awasaidie wanapohitaji. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema vivyo hivyo kwenye ibara ya 31. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Hospitalini kumebandikwa maandishi "Mpishe Mzee," na panapofuatwa nimeona kwa macho yangu jinsi bibi anavyotoka na dawa zake kabla jua halijawa kali.

Lakini wa kuigwa ni Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka sabini anapewa Pensheni Jamii, awe aliajiriwa au alilima mihogo maisha yake yote. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si fedha ya kujengea nyumba. Ni fedha ya kumfanya mzee atie mkono mfukoni ampe mjukuu hela ya daftari, na mjukuu arudi kesho kukaa naye. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee. Mkulima wa Mtwara na mvuvi wa Bagamoyo waliolisha nchi hii wanastahili kilekile anachopata mwenzao wa Makunduchi.

Nakumbuka pia Shikamoo Jazz, ile bendi ya miaka ya 1990 iliyokusanya wanamuziki wakongwe ambao ala zao zilikuwa zimewatoka mikononi. Walitafutiwa magitaa, wakapandishwa jukwaani, na Bi Kidude akaimba nao wakasafiri hadi Uingereza. Nani aliwahi kuwaonea huruma wazee wale walipokuwa wakipiga? Hakuna. Watu walicheza. Walipewa mahali pa kukaa wakafanya kazi wanayoijua.

Mzee wetu alimaliza kahawa, akaomba maji, akachukua bakora. Yule kijana wa bodaboda akampeleka msikitini, na mzee alipotaka kumlipa akakataa. Saa kumi jioni mzee hurudi kituoni kupanda gari la Chanika, na saa hizo gari hujaa.

Wewe unayesoma haya umekaa kwenye daladala, inua macho utazame waliosimama. Kama kuna mzee, simama kwanza. Shikamoo umpe akishakaa.