Kesi ya Ngedere na Tochi

Wanyama wa Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wanaishi kwa kuvusha. Tembo huvusha saruji kwa malori, Kiboko huvusha abiria kwa basi, na Ngedere, asiye na mtaji, huvusha ndizi kwa baiskeli hadi soko la Taveta. Huzifuata Mwika, akafunga mikungu kwenye keria kwa mpira wa tyubu, kisha akaachia mteremko.

Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Alichokuwa nacho ni katambuga. Akitaka kusimama, huikandamiza soli yake juu ya tairi la mbele mpaka harufu ya mpira unaoungua imfikie, hapo ndipo hujua kwamba mwendo umeanza kupungua.

Siku moja ya soko Kiboko alipigwa tochi ya kupimia mwendo akiwa na 71 penye kibao cha 50. Wenzake waliotangulia walimwashia taa, lakini yeye alikuwa akibishana na utingo wake kuhusu hesabu ya nauli. Akiwa bado anasubiri namba ya malipo ya faini, shilingi 30,000, Ngedere akapita kasi na mikungu yake, akainua mkono kumsalimu.

“Afande, na huyo je?” Kiboko alifoka.

Afande Mamba, ambaye meno yake huonekana zaidi mwisho wa mwezi, alijikuna shingo. Swali hilo hakuwahi kuulizwa chuoni.

Shauri likapelekwa kwa Mzee Kobe, chini ya mkuyu. Baada ya shikamoo na marahaba, Kiboko akasimama.

“Mzee, sheria ni msumeno. Kama inanikata mimi, imkate na Ngedere.”

“Sawa,” Kobe akasema. “Karani, soma huo msumeno.”

Sungura akafungua Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ile 50 ya kwenye makazi imeandikiwa chombo chenye injini. Mbayuwayu, ambaye kila mwaka huhama kutoka Uingereza, akadakia kwamba hata huko vibao vya mwendo huwahusu wenye injini; ila mwendesha baiskeli akijeruhi mtu kwa uendeshaji wa fujo anaweza kushtakiwa kwa sheria ya mwaka 1861, iliyotungwa enzi za magari ya farasi.

Fisi hakupendezwa. Yeye aliunga mkono hoja ya Kiboko kwa uchungu mkubwa wa maisha ya raia, na dukani kwake, kwa bahati tu, alikuwa na shehena ya vipima mwendo vya baiskeli. Kimoja bei yake ilizidi baiskeli ya Ngedere na ndizi zake zote. Akaongeza kuwa asiyekuwa nacho asiruhusiwe kuvuka mpaka.

Kobe akaagiza wajaribu kwanza. Ngedere akapanda kilima na mikungu yake, Mamba akamlenga tochi: 7. Akarudia: 6. Kiboko akapendekeza basi atozwe faini ya kuchelewesha magari. Baraza likacheka, ingawa Fisi aliandika wazo hilo pembeni.

Ndipo Mama Kanga, muuza nyanya, akaomba nafasi. “Jumamosi Ngedere aliangusha meza yangu. Hakuwa kwenye 50, wala 20 hakufika. Alishindwa kusimama tu. Mnamtafutia kosa la spidi ambalo si lake, na kosa lake la breki mnaliacha.”

Ngedere akainamisha kichwa. “Kweli, mama. Lakini pembeni hapakuwa na njia. Malori yamepaki pale nilipozoea kupita. Nikichepuka kulia kuna basi la Kiboko, nikichepuka kushoto kuna nyanya.”

Macho yote yakamgeukia Tembo. Kituo cha pamoja cha mpakani kipo tangu 2016, karatasi za nchi mbili hukaguliwa chini ya paa moja, na bado madereva wake hupenda kulala pembeni ya lami. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lifike tani 56. Ngedere, baiskeli na mikungu yake havifiki robo tani. Kumpima kila mmoja kwa kibao kilekile ni uvivu wa kufikiri, na nadhani Kiboko alilijua hilo tangu mwanzo. Alichotaka ni mwenzake wa kulipa naye.

Kobe akatoa hukumu. Ukomo wa mwendo ubaki kwa wenye injini. Ngedere alipe nyanya, afunge breki mbili na kengele kabla ya soko lijalo, na akimgonga mtu ashtakiwe kwa alichofanya, si kwa namba ya tochi. Tembo aondoe malori pembeni ya barabara. Faini ya Kiboko hairudishwi.

Ngedere amefunga breki. Mama Kanga amelipwa. Tembo amekata rufaa, na malori yake bado yamepaki palepale.