Mchwa wa Komba

Kilwa Kivinje, nyuma ya magofu yanayotazama bahari, Komba mgema alikuwa na nyumba ya boriti za mikoko na paa la makuti. Mchwa wakaingia. Mchwa wa hekaya hii hawana malkia: kila mmoja akishiba hujigawa wawili, na dakika 20 zinamtosha. Akipata chakula saa nane mfululizo, mmoja huwa zaidi ya milioni 16.

Komba akamwendea Bi Kuvu, aliyekuwa akiishi ndani ya kifuu cha nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamefika kwenye mwamba?"

"Wanatafuna usiku kucha."

Bi Kuvu akamhesabia vibarua 21 wenye kofia za rangi mbili. "Watatu kwa siku, siku saba. Usinipunguzie hata mmoja."

Vibarua hawakupigana. Kila mchwa alikuwa na fundi wake wa kuziba ukuta wa tope kadiri anavyokua. Kibarua alijifanya tofali. Fundi akimshika tu, mikono inanasa. Nyufa zikabaki, mvua ya masika ikapenya, mchwa akavimba, akapasuka. Komba mwenyewe hana ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana hawakumdhuru.

Siku ya tatu ikaisha, kimya. Komba akaona kuwalisha 12 waliobaki ni hasara, akawafungia kibuyuni. Jirani yake, Mzee Kaa, akalalamika kuwa kusi linamng'olea makuti. Komba akamwuzia sita. Wakasimama juu ya paa wakitafuta fundi wa kumnasa. Upepo una fundi gani? Siku ya tano kusi likatulia lenyewe, na Kaa akamsifu Komba mji mzima.

Lakini kwenye boriti ya kati alisalia mchwa mwenye taya za mkasi. Wapo wanaosema alijifunza vitani. Si kweli, alizaliwa nazo, na zilikuwa mzigo, kwani wenye taya nyepesi walimtangulia kwenye chakula. Sasa hao hawapo. Akajigawa, wakajigawa. Kibaya zaidi, siri ya mkasi aliifuma kwenye kikuku cha ukili, akanakili kingine, akamvika sisimizi mpita njia, wala si ndugu yake.

Mwezi haujaandama, boriti zikaanza kulia. Komba akafungua kibuyu. Vibarua sita wakakatwa viuno kabla hawajagusa ukuta.

Bi Kuvu hakushangaa. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming alimkuta amejiotea kwenye sahani ya maabara. Na mwaka 1945, akipokea tuzo ya Nobel, bwana huyo alikwisha kuonya kuwa dozi pungufu hulea wadudu wasiokufa.

"Yupo mwingine," bibi akasema. "Mkali, na hata kuta zako ataziachia alama. Bei yake mnazi mmoja kwa siku, siku 14."

Komba akatazama minazi yake, akakuna sikio.

"Bibi, huwezi kunipimia wa siku tatu tu?"