Chumvi Mtutuni

Yule mzee wa uwanja wa shabaha hapa Houston aliomba achungulie tu. Nikachomoa komeo la bunduki yangu ya Kirusi, Mosin-Nagant, nikampa. Akaelekeza mtutu kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akanyamaza, kisha akamwita mjukuu wake. Mjukuu akawaita wenzake. Foleni ikajipanga, mimi mwenye mali nikiwa wa mwisho.

"Humu ndani unafuga nini?" mzee akauliza. Wakacheka mpaka msimamizi akaja kuamua ugomvi, naye akaomba zamu.

Ilikuwa kutu. Kutu katika mtutu nilioupangusa Jumapili ile ile niliyoutumia, kama alivyoniagiza muuza duka: "Mafuta tu, basi."

Sasa sikilizeni, maana jambo lenyewe ni tamu likiwa la bunduki ya mtu mwingine. Kwenye kitako cha kila risasi kuna fataki, ule unga unaolipuka ukigongwa na kuwasha baruti. Warusi waliipenda fataki ya potasiamu kloreti kwa kuwa hukaa makumi ya miaka bila kuchacha. Kopo langu ni la 1976, risasi 440, na hakuna niliyoifyatua ikakataa kulia. Lakini kloreti ikishaungua huacha potasiamu kloridi, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Hupulizwa mtutuni kote, ikajibanza kwenye ile mifereji minne inayoizungusha risasi. Hapo haionekani, hainuki, haina haraka. Inavuta unyevu tu, na hewa ya Houston ukiikamua inatoa maji. Mafuta je? Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Nilikuwa nimemfunika mwizi shuka asipate baridi.

Dawa ni maji, tena ya moto, kutoka chemba hadi mdomoni. Kisha kitambaa kikavu kwa mdeki. Mafuta yaje mwisho. Ya moto kwa sababu chuma kikipata joto hujikausha chenyewe. Jeshi la Uingereza liliwapa wenye bunduki za Lee-Enfield faneli kwa kazi hiyo. Wengine hapa humimina maji ya kusafishia vioo, wakiapa kwamba amonia ndiyo inayoua chumvi. Kinachofanya kazi humo ni maji.

Na mimi mtoto wa Tanga, niliyekua nikiona mabati yakiliwa na upepo wa bahari, nifundishwe chumvi na mzee wa Texas!

Mdeki ulivunja taa ya sebuleni. Faneli ya jikoni haijarudi jikoni. "Baba Salma," mke wangu huita nikishika birika, "chai ya bunduki imeiva?"

Kinachoniuma ni muuza duka. Kopo linataja kaliba na mwaka, kutu halitaji. Nilipompigia simu alijibu bila kusita: "Hizo zina chumvi, kila mtu anajua." Kila mtu nani? Anayeuliza dukani ndiye asiyejua, ndiyo maana anauliza! Kisha akanipa bei ya chupa ya dawa maalumu. Nikamwomba anisomee kilichomo.

Cha kwanza kwenye orodha: maji.