Mwashoki na Wenyewe

Mwenye nyumba mpya Dar es Salaam huanza kwa kuukata mwembe dodo alioukuta kiwanjani, eti unachafua. Kisha anamwaga pevingi kutoka getini hadi mlango wa jikoni, na kando ya ukuta anapanga miashoki, mirefu, myembamba, kivuli haba. Vitunda vyake wanafaidi popo tu. (Nao, kwa shukrani, huacha madoa kwenye pevingi.)

Jumamosi anawasha gari kwenda kununua tufaha la Afrika Kusini, lina kistika, limekaa kwenye baridi hadi limesahau mti wake. Wageni wakija, kila mmoja robo.

Mpe mche wa embe uliobebeshwa, atauliza utazaa lini. Miaka mitatu, minne. Anacheka: nani ana muda huo? Na ghorofa yake ina mwaka wa tisa, nondo bado zimechomoza juu.

Ila tawi la mwembe bolibo wa jirani limevuka ukuta. Ikifika Desemba, jioni, bwana mkubwa yuko juu ya ngazi, upembo mkononi.

"Shikamoo mzee," mtoto wa jirani anamwita kutoka chini. "Mbivu ziko upande huu."